Meli zilizopita Morogoro kwa treni, na tundu dogo la shafti

Leo naomba tuzungumze habari za meli. Najua mtu wa Morogoro akisikia hivyo atacheka. Bahari iko mbali, ziwa hatuna, labda uhesabu bwawa la Mindu. Ukitaja Morogoro watu wanakumbuka milima ya Uluguru, mashamba ya mkonge, mbogamboga za Mgeta, gitaa la Mbaraka Mwinshehe na treni inayopiga honi usiku. Meli inaingiaje hapo?

Inaingia kwa hiyo hiyo treni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo, kila kitu kizito kilichotoka bahari ya Hindi kwenda ziwa Tanganyika kilipita hapa mjini, chini ya milima yetu. Katika mizigo hiyo zilikuwamo meli. Moja ilipita imekatwa vipande na kufungwa kwenye masanduku. Nyingine mbili zilikuwa boti ndogo zilizobeba majina ya mito ya kwetu.

Hizo mbili ndizo nitakazoanza nazo, kwa sababu ndizo zilizonifanya niifuatilie habari hii.

Kingani na Wami

Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Maji yanayoteremka kwenye miteremko ile ndiyo yanayokwenda mpaka Bagamoyo na kumwagika baharini, na ndiyo yanayonywewa na wakazi wengi wa Dar es Salaam. Wazungu wa karne ya 19, waliokuwa wakianzia safari zao Bagamoyo, waliuita mto huo Kingani hasa upande wake wa chini. Ukifungua ramani za wakati ule utaliona jina hilo. Mto Wami nao unakusanya maji ya mkoa wetu na kuyapeleka baharini kaskazini ya Bagamoyo.

Wajerumani walikuwa na boti mbili za forodha za kulinda pwani. Moja waliipa jina la Kingani na nyingine Wami. Reli ilipofika Kigoma na vita kuu ya kwanza ikaanza mwaka 1914, boti hizo zilipelekwa ziwa Tanganyika kwa treni. Tafakari kidogo hapo. Jina la mto unaozaliwa Uluguru limepanda behewa, likapita Morogoro na kwenda kupigana vita upande wa pili wa nchi!

Kwa muda Wajerumani ndio waliokuwa wakubwa wa ziwa. Walikuwa na Kingani, yenye tani kama 45, na Hedwig von Wissmann iliyokuwa kubwa kidogo kuliko hiyo. Wabelgiji ng'ambo ya pili hawakuwa na chombo cha kupambana nazo.

Ndipo Waingereza wakaja na jambo ambalo ukisimuliwa unaweza kudhani ni hadithi. Walichukua boti mbili za mwendo kasi zinazotumia petroli, kila moja na urefu wa futi 40, wakazipa majina ya Mimi na Toutou. Waliondoka Uingereza Juni 1915 wakiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilikwenda Cape Town kwa meli, kisha kwa treni mpaka Fungurume huko Kongo. Kutoka hapo reli iliishia na milima ya Mitumba ikaanza. Zikakokotwa juu ya milima kwa mitambo ya mvuke na maksai, na kwa mikono ya maelfu ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Mitambo ile ilikunywa maji mengi, na wanawake wa vijiji vya njiani ndio walioibebea maji kichwani. Baadaye zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika ziwani.

Tarehe 26 Desemba 1915 zikakutana na Kingani. Mapigano yalikuwa mafupi. Nahodha wa Kingani aliuawa, bendera yake ikateremshwa, na boti ikakokotwa ufukweni ikiwa imetobolewa ubavuni na inajaa maji. Waingereza wakaiziba, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi na kuipa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi hiyo hiyo ikaizamisha Hedwig von Wissmann. Wami haikumaliza vita. Wajerumani waliiharibu wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakiondoka.

Habari hii imeandikiwa vitabu vingi vya Kizungu. Karibu vyote vinasimulia habari za makamanda, mizinga na ujasiri. Sawa, ni haki yao. Lakini mimi nikiisoma najiuliza swali la kifundi: boti ya mbao inayokaa miezi nchi kavu, ikitikiswa milimani na kukaushwa na jua la Kongo, inateremshwaje majini bila kuzama?

Tundu ambalo huwezi kulikwepa

Hapa tutulie kidogo tuelewane, maana ndipo kiini cha makala hii kilipo.

Boti ya tanga au ya makasia haihitaji tundu chini. Ukiona maji ndani ya ngama, ujue mbao zimeachana au kalafati imetoka. Boti ya injini ni tofauti. Injini iko ndani, propela (wazee wa pwani huiita rafadha) iko nje, na kinachoziunganisha ni chuma kirefu kinachoitwa shafti. Kwa hiyo aliyetengeneza boti alilazimika kutoboa tundu chini ya usawa wa maji kwa makusudi, tena kwenye tezi ambako hakuna anayeangalia. Ukiliziba kabisa tundu hilo, shafti haizunguki. Ukiliacha wazi, utazama.

Suluhisho la mafundi wa kale ni rahisi ukilijua. Shafti inapita kwenye bomba. Mwisho wa bomba kwa ndani kuna kikombe cha chuma kipana kuliko shafti. Katika nafasi iliyobaki zinapangwa pete za kamba iliyosukwa, ya kitani au pamba, iliyoloweshwa mafuta ya wanyama. Juu yake kunakuja kifuniko chenye nati. Ukikaza nati, kifuniko kinazisukuma pete, nazo zinabanana na kuikumbatia shafti. Maji hayapiti, na shafti inaendelea kuzunguka.

Kwa upande wa nje, shafti inahitaji kitu cha kuiegemeza. Meli za mwanzo za propela zilisumbuliwa sana na hilo, kwa sababu chuma kikisuguana na chuma huliwa haraka. Mwaka 1854 mhandisi Mwingereza John Penn alipata hati ya ubunifu ya kutumia vipande vya mti mgumu wa Amerika uitwao lignum vitae, mti ulio mzito kiasi cha kuzama majini, kama mpingo wetu. Maji ya bahari yenyewe yakawa ndiyo mafuta ya kulainishia. Meli kubwa za dunia zikaanza kuvuka bahari zikiegemea kipande cha mti.

Sasa jambo linalowashangaza wengi: kikombe kile cha kamba kinatakiwa kuvuja kidogo. Naam, kuvuja. Shafti ikizunguka, matone machache kwa dakika yanatakiwa kupita ili kuipoza. Fundi asiyejua akiona tone anachukua spana na kukaza mpaka tone linakoma. Amefurahi, lakini kamba imekauka, imeungua na imeanza kuikwangua shafti. Baada ya siku chache maji yanaingia kwa wingi kuliko mwanzo, na safari hii hata ukikaza haisaidii, kwa sababu chuma kimeliwa mfereji.

Tufanye hesabu. Tone moja kila sekunde, ukikadiria matone ishirini kwa mililita, ni lita nne na kidogo kwa siku. Hizo unazikausha kwa kopo na sponji. Lakini uvujaji ukifikia bilauri moja ya robo lita kila dakika, hizo ni lita 360 kwa siku, yaani ndoo kubwa 18. Boti iliyofungwa bandarini Ijumaa jioni, na hakuna wa kufua maji, Jumatatu unaweza kuikuta imekaa chini.

Jinsi fundi anavyoliziba

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza boti inapandishwa nchi kavu, au tundu linazibwa kwa nje kwa muda, maana ukizitoa pete ikiwa majini umefungua bomba la maji. Nati zinalegezwa na kifuniko kinarudishwa nyuma. Kamba ya zamani inatolewa yote kwa ndoano ndogo, mpaka pete ya mwisho. Wavivu huacha za chini na kuongeza mpya juu, na hapo ndipo kazi inaporudi baada ya mwezi.

Kisha shafti inapanguswa na kuchunguzwa. Je, imenyooka? Ina mikwaruzo? Injini imekaa sawa na shafti, au vifungo vyake vimelegea na inacheza? Hili ni la muhimu, kwa sababu mara nyingi kamba si mgonjwa, ni dalili tu. Propela iliyopinda kwa kugonga jiwe inaitikisa shafti, na shafti inayotikisika inazila pete hata ukizibadilisha kila wiki. Kipande cha nyavu kikijiviringisha kwenye propela matokeo ni hayo hayo. Mchanga nao hula kimyakimya.

Kamba mpya inapimwa kwa kuizungusha kwenye shafti na kukatwa kwa mshazari, kila pete peke yake. Haiviringishwi kama uzi kwenye kigogo, kwa sababu maji yatafuata mzunguko huo na kutokea upande wa pili. Maungio ya pete yanapishanishwa, yasiwe kwenye mstari mmoja. Nati zinakazwa kwa mkono tu. Boti inarudishwa majini, injini inawashwa, na fundi anakaa pale akitazama matone na kugusa kikombe kwa kiganja. Kikiwa vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto analegeza. Baada ya saa kadhaa anakaza kidogo tena, kidogo sana.

Siku hizi boti nyingi mpya zina sili za mpira au za chuma na kaboni zisizodondosha kitu. Na boti nyingi za wavuvi na za watalii hapa nchini zina injini ya kuning'iniza nyuma, ambayo shafti yake ina oili sili ndani ya boksi la gia, ndugu wa oili sili ambazo mafundi wa magari wa Msamvu wanazijua vizuri. Pale sili ikichoka boti haizami, ila maji yanaingia kwenye oili. Ukifungua nati ya chini na oili ikatoka nyeupe kama maziwa, ujue gia ziko njiani kufa. Teknolojia imebadilika, lakini kanuni ni ile ile: chuma kinazunguka, maji yako nje, na kati yao kuna kitu laini kinachochakaa. Kinachochakaa hakina budi kubadilishwa.

Meli ya masanduku

Sasa turudi kwenye treni, maana ile meli ya tatu sijaisimulia.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza meli iliyoitwa Graf Goetzen. Iliungwa kwanza kule kwao, ikafunguliwa tena, ikapangwa katika masanduku kama 5,000 na kusafirishwa mpaka Dar es Salaam. Masanduku yakapanda Reli ya Kati, yakapita Morogoro na kwenda Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo kuiunganisha upya, wakifanya kazi na mamia ya vibarua Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye vitabu hivyo. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa na propela mbili, maana yake matundu mawili ya shafti.

Juu yake ilifungwa mzinga mmoja kutoka manowari ya Königsberg, ile iliyoishia mto Rufiji Julai 1915. Lakini kufikia katikati ya 1916 vita ilikuwa imewageukia Wajerumani. Wabelgiji walikuwa wanaikaribia Kigoma. Amri ikatoka: meli izamishwe, adui asiipate.

Tarehe 26 Julai 1916 ikazamishwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 26 Agosti, Waingereza waliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, huku wapagazi wa pande zote mbili wakifa njiani kwa njaa, maradhi na uchovu. Reli iliyoleta meli ikabaki na madaraja yaliyobomolewa.

Mafundi wale hawakuizamisha Goetzen kwa hasira. Kabla ya kufungua maji waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila sehemu ambayo maji yangeweza kuila, kisha wakaijaza mchanga ili ikae chini kwa utulivu. Wazamishaji, lakini hawakutaka ife! Aliyeamuru alifikiri habari za vita, na aliyeshika kopo la grisi alifikiri habari za siku itakayoinuliwa, ijapokuwa hakujua itainuliwa na nani.

Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua tarehe 16 Machi 1924. Walipoifungua wakakuta injini na boila bado zinafaa. Miaka karibu minane tangu izamishwe! Maji ya ziwa yasiyo na chumvi yalisaidia, lakini bila grisi ile habari ingekuwa nyingine. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina ambalo sote tunalijua: MV Liemba.

Tangu hapo Liemba imebeba wafanyabiashara wa dagaa, wanafunzi, wagonjwa na maharusi wa vijiji visivyo na barabara. Miaka ya 1970 ikaacha mvuke na kupewa injini za dizeli. Miaka ya 1990 ikafanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Denmark. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamerundikana ufukweni na kuwaleta Kigoma. Meli ya vita ya Wajerumani ikawa inaokoa watu, zaidi ya miaka mia moja tangu ilipopita hapa Morogoro ndani ya masanduku. Kisha, katika miaka ya karibuni, nayo ikasimama kusubiri matengenezo makubwa.

Nani anashika kopo la grisi?

Sasa wadau, kwa nini nimewazungusha kote huko?

Kwa sababu nimechoka na namna tunavyosoma historia, na namna tunavyoishi leo. Katika historia tunakariri jina la aliyezindua na jina la aliyezamisha. Leo tunapiga picha siku ya kukata utepe. Katikati kuna miaka mingi ambayo hakuna picha, na hiyo ndiyo miaka ambayo chombo kinaishi au kinakufa. Mimi nafanya kazi gazetini na najua: "kivuko kipya chazinduliwa" ni habari. "Fundi abadilisha kamba ya kuzibia" haijawahi kuwa habari. Itakuwa habari siku asipoibadilisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa pwani wana methali nyingine inayogusa pale pale: mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Zunguka chombo chote, mbele na nyuma, mwisho utarudi ngamani, kule chini kwenye giza yanakokusanyika maji. Ukitaka kujua hali ya chombo usiangalie rangi yake. Omba ufunuliwe ngama.

Na sisi wa Morogoro tusiseme hayatuhusu. Mkoa huu una mto Kilombero, ambao watu wa Ifakara na Malinyi waliuvuka kwa kivuko miaka mingi. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama katika upepo mkali na mvua. Daraja lilikuja baadaye. Hapo sababu ilikuwa dhoruba, si shafti, lakini funzo linabaki: anayepanda chombo anakabidhi uhai wake kwa watu asiowaona. Nahodha anaonekana. Aliyeko chini na spana haonekani.

Fundi wa namna hiyo hapatikani kwa siku moja. Kujua tone la afya na tone la ugonjwa hakusomwi kwenye kitabu peke yake, kunarithiwa kwa kukaa karibu na anayejua. Wazee wenye ujuzi huo wanastaafu. Vijana wanaojifunza kwao ni wangapi, na wanalipwa nini? Bajeti ya matengenezo inapopunguzwa, nani bungeni anapiga kelele? Haya ndiyo maswali ya kuuliza kila tunapotangaziwa meli mpya Victoria, Nyasa au Tanganyika. Meli mpya ni jambo jema. Lakini siku inapoteremshwa majini, tundu la shafti limeshatobolewa, na saa ya kamba imeshaanza kuhesabu.

Boti ya Kingani ilizibwa na maadui zake ikapata maisha ya pili. Liemba ilipakwa grisi na waliokuwa wanaikimbia ikapata karne. Kama adui na mkimbizi waliweza kukitunza chuma kiasi hicho, sisi wenye mali tunashindwa na nini?